Gitaa Lililomwita Syombua

Mzee Kilonzo alizikwa nikiwa Eldoret, nimebanwa na spika za kanisa moja zilizokuwa zikinguruma kila mhubiri akifungua mdomo. Habari ilinifikia wiki mbili baadaye, na aliyeniletea ni mkewe mwenyewe, kwa simu. Hakunigombeza. Alisema tu nije nichukue gitaa la mzee, liko chini ya kitanda na yeye hana kazi nalo. Jumamosi hiyo nikafunga karakana yangu ya Syokimau nikaenda Machakos, hadi kwao Mumbuni, na njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno ya kujitetea kwa kukosa mazishi. Sikuyahitaji. Mwaitu, maana ndivyo nimemwita siku zote kama tunavyowaita mama zetu sisi Wakamba, alinikalisha kwenye kigoda cha jikoni, akanimiminia chai, akaniuliza swali moja kuhusu gitaa. Kwa swali hilo nikajua kwamba mwaka ule niliokuwa na miaka ishirini na mitatu nilimchukulia mumewe sauti yake. Sisemi kwa mafumbo. Niliifungua kwa bisibisi, nikaenda nayo kwangu ndani ya mkebe wa majani chai.

Mwaka huo nilikuwa karani wa mizani kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya. Kazi yangu ilikuwa kupima malori ya kokoto, na kazi yangu ya kweli ilikuwa kusubiri Ijumaa. Ijumaa nilishuka Machakos mjini na kuingia chumba kimoja nyuma ya poshomili, ambako mimi na Mutiso tulikuwa tukipiga muziki wa metali, ule wa gitaa la kukwaruza na ngoma za kukimbizana. Yeye ngoma, mimi gitaa. Chumba tulipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kinu kilinguruma upande wa pili wa ukuta, na unga ulipenya kwenye nyufa ukatua juu ya ngoma, juu ya nyaya, hadi kwenye kope zetu. Wanawake walioleta madebe yao ya mahindi walitusikia, wakatikisa vichwa. Mmoja alimwuliza mwenye kinu kama ana mashine ya pili na kama imeharibika. Mutiso alicheka wiki nzima. Mimi nilinuna, kwa sababu siku hizo nilikuwa na hasira za bure, na mtu akicheka muziki wangu nilihesabu amenitukana. Tulikula mandazi na chai ya mkandaa, tukajiona tumefika.

Lazima nieleze pikapu ni nini, maana ndiyo kesi yenyewe. Sisemi lile gari la kubebea maembe. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kijisanduku cha sumaku kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Hicho ndicho kinachosikia nyuzi na kupeleka habari kwenye amplifaya. Mbao ni mwili, pikapu ni sikio. Sisi wa metali tunataka sikio kali, na mwaka huo nilikuwa na dini moja: mbao kuukuu, pikapu mpya. Magitaa mapya ambayo mtu kama mimi angeweza kuyapata yalikuwa ya mbao za kubandika, yanalia kama meza. Lakini Ukambani kote, kwenye kuta za watu waliowahi kuwa na bendi zamani, kulikuwa kumetundikwa magitaa ya Kijapani yaliyokauka vizuri, yakiliwa na vumbi. Moja nililitoa sokoni Tala, kwa muuza mitumba aliyekuwa akilitumia kutundikia mikanda. Nilichomoa pikapu zake dhaifu nikatia zenye nguvu, nikajipiga kifua. Kuhusu pikapu kuukuu nilikuwa na neno moja tu, takataka.

Ni Mutiso aliyenipeleka kwa Mzee Kilonzo. Mzee alikuwa mpiga gitaa wa bendi iliyozunguka masoko yote hadi Ekalakala, na gitaa lake bado alikuwa nalo. Nilimkuta mtu mrefu, mtundu, mwizi wa waziwazi katika mchezo wa drafti, na hana sauti. Miaka miwili kabla, hospitalini, walikuwa wamemtoa uvimbe kooni na sauti ikaenda nao. Alibaki na mnong'ono ambao ilibidi umsogelee hadi unuse ugoro wake ndipo uusikie. Gitaa lilikuwa la Kijapani, jekundu, limechakaa pale mkono wake ulipokuwa ukipita, na halikuwa la kuuzwa. Alininong'onezea nije Jumapili nilipige pale pale, na nikifika nile kwanza, kwa sababu mtu mwenye njaa hukimbiza wimbo. Akanipa jina, Kelele. Mutiso alilidaka akanitania nalo mwaka mzima, lakini mdomoni mwa Mzee lilikuwa jina la kupendwa, na mimi nilijua hivyo.

Basi Jumapili zangu zikawa pale. Sebule ilikuwa ndogo, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, na amplifaya nayo imefumiwa cha kwake, imewekwa juu ya stuli kando ya dirisha. Jiko lilikuwa jengo jingine, ng'ambo ya ua, na humo ndimo Mwaitu alimoshinda. Alinipikia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na mbaazi, akanipakulia sahani ambayo ingemtosha mchimba mawe, na nikisema nimeshiba aliongeza. Nikimaliza nilirudi sebuleni, Mzee akanipa gitaa. Sauti ya gitaa hilo sikuwahi kuisikia popote. Ilikuwa na ukali ambao pikapu zangu mpya hazikuwa nao, ikikoroma chini na kung'ata juu. Mzee alinieleza kwamba pikapu ya kwanza iliungua bendi ikiwa safarini, na fundi mmoja wa redio pale mjini, ambaye sasa ni marehemu, aliisuka upya kwa mkono akitumia waya wa transfoma, akazidisha mizunguko kwa kukisia. Kisha hakuipaka chochote, aliiacha wazi. Ndiyo maana ilikuwa ikisikia kila kitu. Ukigonga ubao kwa ukucha, inalia. Ukikohoa karibu nayo, kikohozi kinatokea kwenye amplifaya. Nilipoiunganisha na kikanyagio changu cha kukwaruzia ilipiga mluzi mpaka kuku wakatawanyika. Nikamwambia Mzee, kwa ujuaji wangu wote, kwamba iko na kasoro, inasikia hata isichoulizwa. Alitabasamu tu, akanyoosha mkono arudishiwe gitaa lake.

Kuna Jumapili moja naikumbuka sasa kuliko zote, na wakati ule niliipita kama mtu anavyopita jiwe. Nilikuwa jikoni na Mwaitu, nikimsaidia kuchambua mbaazi, Mzee yuko sebuleni. Mara nikasikia sauti ya mwanamume kutoka ng'ambo ya ua, nyembamba, yenye mikwaruzo, ikisema, "Syombua." Mara moja tu. Mwaitu aliacha ungo, akajifuta mikono kwenye leso, akatoka akicheka kidogo peke yake, cheko la msichana. Nilidhani ni redio, mchezo wa kuigiza wa Jumapili mchana. Nilifikiri, kumbe Mwaitu anapenda michezo ya redio. Nikaendelea kuchambua mbaazi. Syombua ni jina lake, na sikulijua. Kwa nini nilijue? Kila mtu alimwita Mwaitu, au mama fulani, au nyanya fulani, na hivyo ndivyo heshima ilivyo kwetu, jina la mama mtu mzima halichezewi mdomoni.

Wakati huo sisi tulikuwa tumealikwa kupiga Nairobi, kwenye ukumbi wa kweli wenye watu wa kweli, na mimi sikulala kwa kuitaka ile sauti. Gitaa nisingepewa, hilo nilijua. Lakini pikapu ni kitu kidogo, skrubu mbili na nyaya mbili. Nikamwomba Mzee anipe gitaa wiki moja nilifanyie matengenezo, nilisafishe, ninyooshe shingo, nimrudishie likiwa jipya. Alikubali kwa fahari. Nikaenda Nairobi, nikatoa mshahara wa mwezi mzima, nikanunua pikapu mpya iliyotoka ng'ambo ndani ya kiboksi chake, na nikaitia kwenye gitaa lake. Ya kwake nikabaki nayo. Nilijiambia nimempa kizuri nikachukua kibovu, na yule anayetoa kizuri ni mkarimu. Unajua uongo wa aina hiyo, mtu hujisimulia mpaka machozi ya wema yamtoke.

Mluzi ulikuwa na dawa yake, na dawa inajulikana kwa mafundi wote. Unaitumbukiza pikapu kwenye nta iliyoyeyuka, nta inaingia katikati ya mizunguko, inaganda, waya hautikisiki tena, na pikapu inabaki ikisikia nyuzi peke yake. Nta ya nyuki kwetu si shida. Niliinunua Tala, kwa mwenye mizinga, nikaiyeyusha kwenye sufuria ndani ya maji ya moto, na chumba chetu cha poshomili kikanukia asali siku mbili. Niliinama kuangalia viputo vya hewa vikitoka kwenye waya, kimoja kimoja, vikipungua, hadi vikaisha kabisa. Nilifurahi sana. Mutiso alisema uso wangu ulikuwa kama wa mtu anayeangalia mtoto akilala.

Jumapili nikamrudishia Mzee gitaa lake. Nililing'arisha, likawaka. Nikamwambia nimemwekea pikapu mpya, zawadi. Akaniuliza kwa mnong'ono, na ya zamani iko wapi? Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli na kila kitu kikawa tofauti. Nilisema, "Ilikuwa imekufa, Mzee. Nimeitupa." Alichomeka waya, akapiga nyuzi kidogo, ikatoka sauti safi, nzito, isiyo na mkwaruzo wowote. Kisha akazifunika nyuzi kwa kiganja, akainamisha kichwa hadi midomo karibu iguse chuma, akakaa hivyo. Nilidhani ananusa risasi mpya niliyochomelea. Akainua kichwa, akatazama mlango wa jikoni ng'ambo ya ua. Akainama tena. Mlango haukufunguliwa. Mwishowe aliniambia ni nzuri, asante, na tukaitwa kula. Mwaitu alikuwa amechinja kuku kwa ajili yangu. Mzee alikula paja moja, na mimi nikaona ametosheka.

Wiki tatu baadaye alikuja poshomili. Sikuwahi kumwona mjini kabla ya hapo. Ilikuwa Ijumaa, kinu kinasaga kwa nguvu zote, Mutiso anapiga, na mimi nina gitaa langu begani, lile la Tala, na ndani yake pikapu yake iliyozibwa nta. Tulikuwa na siku nane tu kabla ya Nairobi. Mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaanza kuzungumza. Niliona midomo ikienda. Nilimsogelea, sikusikia kitu. Fikiria mtu wa mnong'ono ndani ya kelele ile. Alishika koo lake. Akanyoosha kidole kwenye gitaa. Akashika koo tena. Nikamwelewa, au nikajifanya nimemwelewa, nikakimbia kumletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikitazama kikombe muda mrefu. Kisha akayanywa maji yote, kwa heshima, akanirudishia kikombe, akatoka. Nilikuwa na uwezo wa kutoka naye nje, hatua ishirini tu, mahali pasipo na kelele. Sikutoka, kwa sababu Mutiso alikuwa amekwisha hesabu moja, mbili.

Tulipopumzika nilichungulia dirishani nikamwona nyuma ya kinu, kwenye jalala, akipekua pumba na magunzi kwa fimbo. Mutiso akasema wazee hawa na vyuma chakavu, wana ndoa. Nikacheka. Hilo cheko nimelisikia tena mwaka huu mara nyingi, na kila mara natamani kulifuta.

Nairobi tulipiga vizuri. Watu walinijia baadaye kuuliza ile sauti nimeitoa wapi, na mimi nikasema ni siri ya fundi. Nikahama machimbo, nikahama Machakos, muziki ukanilisha miaka kadhaa na kisha ukaacha kunilisha, nikawa fundi wa vyombo. Gitaa lile la Tala sijaliuza hata siku za njaa. Kwa Mzee Kilonzo nilirudi mara mbili tu katika miaka ishirini na mitatu, haraka haraka, na mara zote mbili nilikuta amplifaya imewekewa chombo cha maua ya plastiki juu yake. Sikuuliza. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekawia njiani, lakini amefika na meno yote.

Swali alilouliza Mwaitu, akiwa ameshika birika, lilikuwa hili: "Ile kitu ya mzee uliitupa upande gani?" Nikamwambia sijaelewa. Akaeleza bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Baada ya hospitali nyumba ilikuwa imenyamaza, yeye huku jikoni, mzee kule, na mnong'ono hauwezi kuvuka ua. Siku moja mzee akagundua kwamba akiinamia gitaa na kuongea karibu kabisa, amplifaya inatoa sauti. Si sauti yake ya zamani, ilikuwa mbovu mbovu, lakini ilikuwa yake, na neno la kwanza aliloliita ni jina la mkewe. Kisha nikaja na zawadi isiyosikia kitu ila nyuzi. Mwaitu alitaka kuniambia siku ile ile ya kuku, mzee akamkataza. Alisema mtoto ametumia mshahara wake kwa wema, na mtu havunjwi moyo kwa zawadi. Angeenda mwenyewe mjini kuulizia ile ya zamani polepole. "Alirudi hapa giza limeingia, nguo zote ni pumba," Mwaitu alisema. "Akaniambia pengine walichoma. Mimi nilitaka tu kujua ni upande gani alikosa kuangalia."

Nilitamani kusema upande wowote, kushoto kwa kinu, karibu na choo, nimalize. Uongo ule ulikuwa tayari, ungemfariji, na hakuna binadamu aliye hai ambaye angeujua. Nikasema, "Sikuitupa, Mwaitu. Niko nayo. Nilikuwa nimeivaa begani siku hiyo alipokuja." Hakulia, wala hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Aliweka birika chini, akafunika jiko, akaniambia niilete.

Kuitoa nta ni kazi ya kuombea. Niliipasha pikapu kwa mvuke siku tatu, nikiigeuza, nikiifyonza kwa karatasi, nikiogopa waya ukatike, maana mkono ulioisuka haupo tena. Jumamosi iliyofuata nilikuwa tena sebuleni pale. Nilitoa maua ya plastiki, nikafungua gitaa jekundu, nikaitoa ile safi ya ng'ambo na kuirudisha ya fundi wa redio mahali pake. Mwaitu hakukaa kutazama. Alikwenda jikoni kwake, akavuta mlango, na kabla hajaufunga akaniagiza nikiwa tayari nimwite. Nikamwuliza nimwite vipi. "Kwa jina langu," alisema.

Nikafunika nyuzi kwa kiganja kama nilivyomwona Mzee akifanya. Nikainama hadi nikasikia ubaridi wa chuma kwenye midomo, na harufu ya asali iliyobaki. Nikasema, "Syombua." Amplifaya ikakoroma, na jina likatoka, jembamba, lina mikwaruzo, likavuka ua. Mlango wa jikoni haukufunguliwa. Nilisubiri. Nikadhani sauti haikufika, nikaongeza kidogo, nikaita mara ya pili.

Alitoka akijifuta mikono kwenye leso, akaja hadi dirishani, akalitazama gitaa, si mimi.

"Nilisikia ile ya kwanza," alisema. "Yeye hakuwa anaita mara mbili. Zima."

Nikazima.